Kuoanisha

Kampuni ilifilisika mwezi wa pili.
Programu ya simu ikafunguka mara ya mwisho, ikatuomba radhi,
ikafa na neno lake la siri.
Drejc akakiweka kikompyuta mezani, kando ya mkate,
kidogo kama kiberiti, kina tope la Kobarid bado,
akasema: Ajda, safari zangu zote zimo humo.
Kisha akalala. Mwoka mikate huamka saa nane za usiku.

Mimi kazi yangu ni kupima kina cha Soča.
Vipimo vya mto hunijia kila robo saa,
navisafisha kwa skripti ndogo ndogo, kama mtu anayechambua mchele.
Nikajiambia: baiskeli na mto vina tofauti gani?

Usiku wa kwanza, kukitafuta.
Hewa ya jikoni kumbe imejaa majina:
televisheni ya jirani, saa ya mpita njia, mswaki
(mswaki! siku hizi hata mswaki unajitangaza)
na kimoja kisicho na jina, namba tupu,
ishara yake hafifu, kama mgonjwa aitikaye chini ya blanketi.
Ndicho.

Mtambo ukauliza: Unataka kuoanisha?
Nikacheka peke yangu.
Kuoana tumeoana miaka kumi na tisa
na hakuna aliyenidai tarakimu sita.

Usiku wa pili kilikataa.
Usiku wa tatu kilinipa baiti ishirini, kikanyamaza.
Nikajifunza adabu yake: uombe, usubiri,
upokee kifurushi, useme nimepokea,
ndipo kikupe kingine. Ukiharakisha kinakata
bila kwaheri.
Haba na haba, kweli. Kibaba changu kilijaa alfajiri,
Drejc keshakwenda kwenye tanuri.

Ramani ya kwanza ilimpeleka mume wangu Yemeni.
Nilikuwa nimebadilisha latitudo na longitudo,
naye akawa anapanda milima ya watu, kilomita kumi na nane kwa saa,
bila pasipoti.
Nikarekebisha. Mstari ukarudi bondeni,
ukajilaza juu ya barabara.

Halafu nikaona.

Ile programu ya zamani ilikuwa ikificha vituo.
Ukisimama, saa nayo husimama; kwa hiyo hukusimama.
Data mbichi haijui kumsitiri mtu.
Kilomita ya ishirini na tatu, kila Alhamisi,
dakika kumi na moja.
Machi, kumi na moja. Juni, siku ya mvua, kumi na moja,
na mapigo ya moyo yanashuka: mia na arobaini,
mia na kumi, themanini, sitini na mbili.
Nani anamtuliza hivyo?
Nikaandika mistari minne ya kuhesabu. Safari themanini na saba.

Sikumuuliza.
Alhamisi nikaegesha gari nyuma ya ghala la nyasi kavu,
nimeshika darubini ya kazini, mikono inanuka wizi.

Pana kituo cha basi lisilopita tena.
Benchi moja. Akafika, akaegemeza baiskeli,
akavua viatu, akavua soksi,
akanyoosha nyayo zake juani, nyeupe kama unga,
na hakufanya kitu.
Hakuja mtu. Hakutoa simu.
Watoto watatu, mama yake, tanuri, mkopo wa benki, mimi:
sote hatukuwapo.
Nikatazama saa. Kumi na moja kamili, akavaa.

Jioni akauliza, akimenya kitunguu saumu:
Vipi, umefaulu? Wastani wangu wa leo ngapi?
Nikafungua skripti, nikaongeza mstari mmoja:
kasi ikiwa sifuri, ruka.
Ishirini na tisa nukta nne, nikasema.
Akapiga meza kwa furaha, kitunguu kikaanguka.

Mbichi ninazo. Faili halina jina,
tarehe tu.
Nilipozima taa ya jikoni kikompyuta kilikuwa kinamemeta
kando ya mkate, kikijitangaza kwa mswaki na jirani,
na nikakiacha.